Ufunguo wa Data ya Bahari Ukae Mikononi mwa Nani

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi, walimu na wanachama wa vikundi vya wakulima wa mwani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mheshimiwa sheha, walimu wangu, vijana wa skuli na vyuo, na nyinyi mama zangu mliotoka Micheweni, Mwambe na kwengineko, mkaitoa siku yenu ya maji mafu ili mje kusikiliza: shikamooni, na ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie njia salama za kugawana data ya vihisi kwa kutumia usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke bila ya ufunguo, na blokucheni, yaani mnyororo wa kumbukumbu ambao kila moja imefungwa na iliyoitangulia. Nitaanzia baharini, maana ndiko data yenyewe inakozaliwa.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Kikavuka kuja huku, na sasa Pemba ndiyo inayotoa mwani mwingi zaidi. Yaliyoifika kotonii, moja ya aina mbili za mwani tunazolima, mnayajua kuliko mimi. Ina bei nzuri kuliko spinosamu, aina ya pili, lakini haistahamili joto. Maji ya kina kifupi yakipita nyuzi 30 na kubaki hapo, matawi yanapauka, yanalainika na kukatika. Wengi wakabaki na spinosamu. Wengine wanatafuta maji ya kina kirefu. Hapo ndipo kihisi kinapoingia. Ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kigingi au boya, kinapima joto, chumvi na kina cha maji, tuseme kila robo saa, kisha kinapeleka namba kwa redio mpaka kituo cha kupokelea kilichopo ufukweni. Kila robo saa ni vipimo 96 kwa siku, kwa kihisi kimoja.

Nani anavitaka vipimo hivyo? Mtafiti anavitaka ajue bahari inavyobadilika. Mnunuzi aliyewakopesha kamba anavitaka ajue mavuno yatakuwaje. Benki au bima ikija na mkataba wa kulipa fidia maji yakizidi joto fulani, itavitaka kuliko wote. Na anavitaka pia mtu ambaye hamjamuona bado: anayetafuta ghuba ambayo kotonii bado inaota, ili aikodi yeye. Ramani ya joto la ghuba yenu ni mali, na mimi naiogopea mali hiyo.

Kwa hiyo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni data kuvuja ikamfikia asiyehusika. Ya pili ni data kuchezewa: mtu mwenye mlango wa seva, kompyuta inayohifadhi data, anashusha joto la wiki nzima kwa nyuzi mbili, na fidia hailipwi. Zimetofautiana, na kila moja ina dawa yake. Nimewasikia watu wakiisifu blokucheni kama vile inaficha siri. Blokucheni haifichi kitu. Kazi yake ni kufanya kilichoandikwa kisibadilishwe kimyakimya. Siri inalindwa na usimbaji fiche, na usimbaji fiche ni mzuri kwa kiasi kile kile ambacho ufunguo wake umetunzwa vizuri.

Tuanze na kusimba. Kipimo kinasimbwa ndani ya kihisi chenyewe, kabla hakijatoka. Njia inayotumika zaidi duniani ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikafanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Kwa ufunguo wa biti 128, idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Hakuna kompyuta itakayozijaribu zote. Kwa vifaa vidogo vinavyokula betri taratibu, mwaka 2023 ilichaguliwa njia nyengine nyepesi zaidi, Ascon. Kwa vyovyote vile, redio ikinaswa njiani, mnasaji anapata takataka.

Kihisi pia kinatia sahihi yake ya kidijitali. Sahihi hiyo inatokana na ufunguo wa siri uliofungiwa kwenye chipu, na yeyote anaweza kuihakiki kwa kutumia ufunguo wa wazi wa kihisi hicho, mwenzake wa ule wa siri, unaotangazwa kwa kila mtu. Hapo tunajua namba imetoka kwa kihisi gani, na kwamba haikuguswa njiani.

Sasa mnyororo wenyewe. Chukua maandishi yoyote, uyapitishe kwenye hesabu iitwayo SHA-256, utapata alama ya herufi 64. Badilisha 28.4 iwe 28.5, alama yote inageuka. Ukiiweka alama ya jana ndani ya kumbukumbu ya leo, na ya leo ndani ya ya kesho, basi anayetaka kuibadilisha jana hana budi kuzibadilisha siku zote zilizofuata. Fikra hii ni kongwe kuliko sarafu za mtandaoni. Stuart Haber na Scott Stornetta waliiandika mwaka 1991, na tangu 1995 kampuni waliyoianzisha ikawa inachapisha alama kila wiki kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Ukitaka kughushi, ukakusanye magazeti yote yaliyokwisha kuuzwa. Bitcoin ilikuja baadaye, maandiko yake yakitoka 2008. Nalisema hili makusudi, kwa sababu kuna watu wamepoteza fedha zao kwa matapeli wa sarafu, na wakisikia neno blokucheni wanakimbia. Wana haki ya kukimbia. Lakini kulinda vipimo vya maji hakuhitaji sarafu yoyote, wala kompyuta zinazokula umeme wa mji mzima. Atakayekuja kwenu na mradi wa vihisi unaoanza kwa kununua sarafu, mrudisheni alikotoka.

Vipimo vyenyewe haviwekwi kwenye mnyororo. Vinabaki vimesimbwa kwenye hifadhi ya kawaida, na mnyororo unapokea alama moja tu ya siku nzima. Vipimo 96 vinakusanywa viwili viwili, alama juu ya alama, mpaka inabaki moja ya kileleni. Ni mti uliobuniwa na Ralph Merkle mwishoni mwa miaka ya 1970. Uzuri wake ni huu: nikitaka kuithibitishia bima kipimo cha saa nane mchana, nampa kipimo hicho na alama saba tu, moja kwa kila ngazi ya mti. Vipimo vingine 95 anabaki havijui.

Hapa kuna shimo ambalo wahandisi wengi wanaliruka, na vijana nawaomba mlishike. Joto la maji yetu ni namba inayokisika. Tuseme liko kati ya nyuzi 24.0 na 36.0: hizo ni thamani 121 tu. Nikiiona alama ya kipimo kimoja hadharani, nazipitisha thamani zote 121 kwenye SHA-256, nalinganisha, na siri imekwisha kabla chai haijapoa. Dawa yake ni kuambatanisha kila kipimo na namba ndefu ya nasibu, inayotunzwa kwa siri, kabla ya kutoa alama. Mkikuta mfumo unaotoa alama za namba fupi bila hiyo, hauna siri hata kidogo.

Mnyororo utunzwe na nani? Ukitunzwa na seva moja, tumerudi pale pale. Lamport, Shostak na Pease walionesha mwaka 1982 kwamba bila ya sahihi zisizoghushika, ili kundi likubaliane huku mmoja wao akiwa muongo, wanahitajika wanne. Kwa waongo wawili, saba. Mifumo mingi ya aina hii bado inafuata hesabu hiyo. Kwa hiyo naona nodi nne za kuanzia, yaani kompyuta nne, kila moja na nakala yake ya mnyororo: ushirika wa wakulima, mnunuzi, Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Buyu, na wizara inayohusika na uvuvi. Na zisikae mahali pamoja. Tunakumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Unguja inapata umeme kwa waya unaotokea upande wa Dar es Salaam, Pemba kwa waya unaotokea Tanga tangu 2010. Nodi mbili kule, mbili huku, kila moja na betri yake.

Nilipofika hapo mama mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwanangu, na mtu akikitoa hicho chombo baharini akakitia kwenye ndoo ya maji baridi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, mama yangu. Kihisi kitatia sahihi joto la ndoo, mnyororo utalihifadhi joto la ndoo milele, na hesabu zote zitasema ni sahihi. Hakuna usimbaji unaoujua ukweli wa bahari. Lakini bahari yetu ina ushahidi wake. Maji yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti inafika kama mita nne. Kihisi kinachopima kina kinaiandika hadithi hiyo saa baada ya saa. Ndoo haina bamvua. Kina kikikaa kimya saa saba, tunajua chombo hakipo mahali pake, na programu inaweza kuvitilia alama ya shaka vipimo hivyo yenyewe. Tena vihisi vya jirani vinalinganishwa. Na kuna uongo usio na nia mbaya: chaza wanakigandia, mchanga unakifukia. Basi mnapokwenda shamba wakati wa bamvua, kihisi kisafishwe na kilinganishwe na kipimajoto cha mkono, na namba hiyo iandikwe na kutiwa sahihi nayo. Kazi hiyo ilipwe. Wafadhili wananunua vifaa na kusahau mikono.

Nije kwenye ufunguo. Vikundi vyenu vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye makufuli matatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Hakuna anayelifungua peke yake. Adi Shamir aliipata hesabu ya jambo hilo mwaka 1979, tena kwa namna inayosamehe zaidi: ufunguo unagawanywa vipande vitano, na vyovyote vitatu vikikutana unapatikana. Mmoja akihamia Unguja, mwengine akitangulia mbele ya haki, data haikupotea. Vipande hivyo viwe kwa wakulima. Kwa mwenye mradi kisizidi kimoja.

Na ufunguo usiwe mmoja wa kila kitu. Kila mwezi uwe na wake, na joto lisifungwe pamoja na mahali. Mtafiti apewe joto la mwaka mzima bila ya kujua ni ghuba ipi. Bima ipewe msimu mmoja. Msimu ukimalizika, funguo mpya hazimfikii. Za zamani anazo, hilo haliwezi kurudishwa, kwa hiyo mkataba wa karatasi bado una kazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na mnyororo haufutiki; ndiyo maana jina la mkulima lisiwekwe humo kabisa. Likiwa limesimbwa nje ya mnyororo, ukiuteketeza ufunguo umelifuta.

Mzee mmoja aliuliza kama mnunuzi atakataa kununua mpaka apewe funguo zote. Jibu langu ni kwamba anachokihitaji kweli ni tarehe ya kuvuna na hali ya ukaushaji, na hivyo vina ufunguo wao, apewe siku hiyo hiyo. Mahali na kina cha shamba havipandishi ubora wa mwani ulio kwenye gunia. Akivishikilia hivyo, muulizeni anavitakia nini, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao cha kikundi kabla hakijafungwa kihisi hata kimoja.