Upepo wa Songwe kwenye simuleta: ndege ndogo huuhisi wakati gani?

Atupele: Karibuni wasikilizaji wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko. Kaka Lusekelo, wiki iliyopita nilikaa kwenye simuleta yako, ile mashine ya kuiga urushaji wa ndege, pale Uyole, nikarusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kuelekea uwanja wa ndege wa Songwe, na kuna jambo lililonitatiza. Niliweka upepo wa noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa, kutoka nyuzi 120 za dira (mashariki ni 90), nikitarajia kwamba ndege ingeyumba safari nzima. Angani ilitulia kana kwamba hakuna upepo. Vurugu zilianza nilipokaribia ardhi. Je, simuleta ilikosea?

Lusekelo: Hapana, dada Atupele, hapo ilisema kweli. Ndege ikishaacha ardhi huwa imo ndani ya hewa inayosafiri, kama inzi aliyemo ndani ya basi la Tukuyu lililofungwa madirisha, ambaye hapigwi na upepo hata basi likikimbia. Upepo usiobadilika huihamisha ndege kutoka kwenye njia yake juu ya ardhi, na ndiyo sababu rubani huelekeza pua kidogo upande unakotoka upepo, lakini mabawa na usukani haviuhisi. Kinachohisiwa ni badiliko la upepo, na hapo ndipo ninapoipima simuleta yoyote kabla ya kuiamini.

Atupele: Tufafanulie badiliko hilo kwa mfano wa Songwe.

Lusekelo: Njia ya kurukia ya Songwe ina urefu wa mita 3,330 na inaelekea mashariki na magharibi. Ukitua ukielekea mashariki, upepo wako unakutana nayo kwa pembe ya nyuzi 30: noti 10 zinakupiga ubavuni, na noti 17 hivi zinakujia usoni. Ukishuka, miti, majengo na ardhi yenyewe hupunguza kasi ya upepo. Ndege ina uzito wake, kwa hiyo haiwezi kuongeza mwendo papo hapo. Zile 17 zikipungua ghafla hadi 5, kipimo cha mwendo kilichokuwa kikisoma noti 65 kitashuka hadi kama 53, na mabawa yatakosa nguvu ya kunyanyua uliyoizoea, tena ukiwa karibu na ardhi.

Atupele: Ndiyo maana ilizama ghafla mikononi mwangu.

Lusekelo: Ndiyo. Sasa sikiliza kasoro inayonisumbua kwa dhati. Baadhi ya programu za zamani zilikuwa zikipokea taarifa mpya ya hali ya hewa na kuubadilisha upepo wote kwa mkupuo, hata ukiwa katikati ya safari. Mwendo ungeruka au kuanguka kwa noti 20 bila sababu yoyote ya kimaumbile, na mwanafunzi angejifunza kupambana na kitu ambacho hatakikuta angani. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 huhesabu jinsi hewa inavyopanda na kushuka kwenye miteremko, jambo lenye maana kubwa kwetu tulio kati ya milima. Hata hivyo, mimi huweka upepo kwa mkono, tabaka kwa tabaka: dhaifu chini, wenye nguvu juu.

Atupele: Na zile noti 10 za ubavuni? Nimesikia Cessna 172 haipaswi kuvuka 15.

Lusekelo: Kumi na tano ni kiwango kilichoonyeshwa katika majaribio ya kiwanda, si ukomo ulioandikwa kisheria, ingawa kwa mwanafunzi ni vyema kukiheshimu kana kwamba ni ukomo. Pia, hakikisha simuleta haiunganishi usukani wa mkia na ule wa mabawa, kwa sababu kutua katika upepo wa ubavuni kunadai mikono ielekeze upande mmoja na miguu upande mwingine. Asiye na kanyagio za miguu atapata tabu kulijifunza hili. Tena pale Songwe, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, kipimo kikisoma 65 ndege inapita hewani kwa noti 70 hivi, kwa sababu hewa ni nyepesi; usishangae ardhi ikikujia haraka.

Atupele: Jioni hii nitajaribu upepo wa noti 12 unaovuma kwa vishindo hadi 20, kutoka nyuzi zilezile.

Lusekelo: Tofauti ni 8, kwa hiyo ongeza nusu yake kwenye mwendo wako: njoo na 69 badala ya 65.

Atupele: Gurudumu lipi litangulie kugusa lami?

Lusekelo: La kulia, kwa sababu upepo unatoka huko. Likishagusa, usiurudishe usukani katikati. Uendelee kuuelekeza kulia mpaka ndege isimame kabisa.