Kanga Sita kwa Boma la Kale

Mama zangu, dada zangu, mafundi na ndugu wote mliohudhuria,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kushona pazia la kanga tutakalolitundika mbele ya Boma la Kale la Dar es Salaam, pale mkabala na bandari. Naanza na umri wa jengo lenyewe, kwa kuwa umri huo ndio ulionipa wazo la mshono. Boma lilijengwa kwa mawe ya matumbawe mwaka 1866 na 1867, kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, likusudiwe kuwapokea wageni wake. Kanga nayo ilizaliwa katika pwani hii katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo, pale wanawake walipoacha kununua leso mojamoja, wakawa wanakatiwa leso sita kutoka kwenye jora, wakazigawa tatu tatu na kuziunga hadi zikawa nguo ya kujifunga. Boma na kanga, basi, ni rika moja.

Kwa hiyo napendekeza nasi tushone kwa hesabu ileile: pande sita za kanga, yaani doti tatu, tatu juu na tatu chini. Tutapata pazia la karibu mita 4.5 kwa mita 2 na ushee. Wapo waliotaka tudarizi picha ya Boma katikati. Mimi sioni faida ya kumfunika mtu uso kwa picha ya uso wake.

Kila kundi lilete upande mmoja wenye pindo la kuzunguka, mji, yaani sehemu ya kati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, na jina lisikatwe wala kufichwa ndani ya mshono, hata fundi akiona linamharibia mpangilio wa rangi. Kwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wageni, mimi natafuta iliyoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Najua wengine mtaleta mipasho, wala sitamzuia mtu.

Kanga zote zifuliwe kabla ya kuungwa, kwa sababu kanga mpya huja na wanga wa kiwandani na hupungua ikiloa; ukiiunga na iliyokwisha kufuliwa, mvua ya kwanza itaukunja mshono. Kisutu, ile ya harusi yenye wekundu, weusi na weupe, ifuliwe peke yake, isije ikachuja. Nyuma tutaweka kitambaa cha marekani, nacho kifuliwe vilevile.

Ukuta wa matumbawe na chokaa tusiupigie msumari hata mmoja. Juu ya pazia tushone mfuko wa kupitishia mti, na mti huo ubebwe na nguzo zake zenyewe mbele ya ukuta, ili nguo isisuguane na chokaa upepo wa kusi ukivuma. Kwenye pindo la chini tutie mnyororo mwembamba wa kulivuta pazia literemke sawa.

Mshono wa katikati, unaounganisha safu ya juu na ya chini, tusiuachie cherehani. Tutaushona kwa mkono, tumekaa pande zote mbili za nguo, kila kundi likishughulikia sehemu inayogusa kanga yake. Sindano zitakutana njiani, kwa hiyo naomba kabla hatujatawanyika leo tukubaliane urefu wa hatua ya mshono. Nimekuja na vipande vitatu vya mfano, vipo pale mezani.