Shibam: Mji wa Udongo Unaolelewa na Walioondoka

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi wa uashi na wazee wa mtaa, Mji wa Kale, Mombasa)

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniomba nisimulie safari yangu ya Hadhramaut, huko Yemen, na hasa ya mji wake wa udongo, Shibam, na amenionya nisipite saa moja. Nitajaribu. Mimi ni muashi, si mwanahistoria. Nikinasa kwenye ukuta mmoja kwa dakika kumi, mnivumilie.

Kwanza niulize: ni nani hapa ana babu au bibi aliyekuwa akiitwa Mshihiri? Nyanyueni mikono, msione haya. Haya, nawaona, na wengine nawajua ingawa mikono yenu iko mifukoni. Shihr ni bandari tu, iko pwani ya kusini ya Yemen. Wazee wetu waliona majahazi yatoka Shihr, wakawabandika jina hilo wote waliomo, hata yule aliyetoka huko ndani, siku nyingi kwa ngamia kutoka baharini, ambaye pengine bahari yenyewe aliiona mara ya kwanza siku ya kupanda chombo. Wengi walikuwa watu wa bonde la Hadhramaut. Huku kwetu wakauza kahawa, wakabeba maji, wakabeba mizigo bandarini, wakafungua maduka. Na wengine walikuja na vitabu.

Mimi nilikwenda mwaka 2006, wakati njia bado ilikuwa ikipitika. Siku hizi sitamshauri mtu. Mwaka 2009 watalii wanne wa Korea Kusini waliuawa kwa bomu hapohapo Shibam, pamoja na aliyekuwa akiwaongoza, na baadaye ikaja vita mnayoisikia kwenye habari. Kwa hivyo ninayowasimulia ni ya Shibam niliyoiona mimi. Mkienda leo mtakuta mengine.

Ukifika kwa ndege unateremkia Seiyun, ule mji wenye kasri kubwa jeupe lililochapishwa kwenye noti ya riali 1000. Juu kote ni uwanda wa mawe, mkavu, hauna hata kichaka cha kumfichia mbuzi. Halafu ghafla ardhi inapasuka, na chini yake kuna bonde pana lenye mitende na mashamba. Hilo ndilo Wadi Hadhramaut. Wadi ni mto usiokuwa na maji. Ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya wangeuita laga na wangeuelewa mara moja: karibu mwaka mzima ni mchanga, kisha siku moja mvua inyeshe mbali huko juu, maji yaje kwa kishindo.

Kutoka Seiyun kwenda magharibi ni kilomita kama 20. Njiani niliwaona wanawake mashambani wamevaa mabuibui meusi, na juu ya mabuibui wamevaa kofia za ukindu ndefu, zimechongoka kama pia iliyogeuzwa. Mwenzangu wa garini akaniambia nisipige picha. Sikupiga. Hata hivyo nimeziota zile kofia.

Shibam yenyewe utaiona kabla hujafika. Nyumba kama 500 zimesongamana ndani ya ukuta mmoja, juu ya kiinuko kidogo katikati ya bonde, kila moja imekwenda juu hadi ghorofa 7. Zote za udongo. Wageni huiita Manhattan ya jangwani, na jina hilo mimi linanikera. Nyingi ya nyumba hizi, au zile zilizozitangulia hapohapo kwenye msingi uleule, asili yake ni karne ya 16, baada ya gharika kubwa ya 1532 na 1533 kuufagia mji. Wakati huo huko Manhattan hapakuwa na ghorofa hata moja. Ikiwa lazima mmoja apewe jina la mwenzake, basi tunajua ni nani aliyetangulia. Na msikiti wa Ijumaa wa Shibam ni wa karne ya 10.

Kwa nini wakaenda juu badala ya kutanuka? Kwanza, mafuriko: kiinuko ni kimoja, na ukijenga nje yake umeijengea wadi. Pili, maadui: makabila yalikuwa yakipigana miaka nenda miaka rudi, na ukuta mfupi ni rahisi kuulinda kuliko mrefu. Tatu, ardhi ya bondeni ni ya mtende na ngano. Mtu mwenye akili hajengi nyumba juu ya sahani yake.

Sasa tuingie kwenye kazi yetu. Tofali la Shibam halichomwi. Udongo wa bondeni huloweshwa maji, hutiwa makapi, hukanyagwa kwa miguu, kisha humwagwa kwenye fremu ya mbao palepale chini na kuachiwa jua. Ni tofali bapa, pana kama sinia. Fundi hujenga ghorofa moja, kisha husimama. Hungoja ikauke. Ndipo apande nyingine. Wanafunzi wangu, nyinyi mnaotaka kumwaga slebu Jumatatu na kupandisha ukuta Jumatano, hapo nawatazama nyinyi hasa. Ukuta chini ni mnene, na kila unavyopanda unapungua, ili uzito ukae chini na kichwa kiwe chepesi. Ghorofa za chini ni za nafaka na mbuzi, na madirisha yake ni matundu tu. Juu yake ni baraza za wanaume na wageni, kisha ndani kwa wanawake na watoto. Huko juu kuna milango midogo inayotoka nyumba moja hadi ya pili, mwanamke aweze kwenda kwa jirani yake bila kukanyaga njia. Bibi zetu wa Lamu walikuwa na jambo hilohilo, wakipita wikioni juu ya vichochoro. Nilipoona mlango ule nilicheka peke yangu, mwenyeji akadhani namcheka yeye.

Kule juu kabisa, dari na kingo zake hupakwa chokaa, nyeupe pepepe. Ndiyo maana kwa mbali mji waonekana kama watu wamevaa kofia za sala. Ile chokaa huokwa tanuuni, kisha hupigwa kwa fimbo na wanaume waliojipanga, kwa saa nyingi, huku wakiimba. Wazee hapa wanajua nazungumzia nini. Sakafu za kwetu zilipigwa hivyohivyo, fimbo na nyimbo. Matumbawe yao hawana, jiwe lao ni la jabali, lakini mkono ni mmoja.

Na mlango! Mlango ni wa mkunazi. Ndiyo, mkunazi huu tunaooshea maiti kwa majani yake. Kwao mti huo ndio wa mbao ngumu, na nyuki wa Wadi Do'an, bonde la jirani, hulisha maua yake wakatoa asali ambayo bei yake sitaitaja mbele ya watu wazima wenye presha. Komeo ni la mbao na ufunguo ni wa mbao, mrefu kama mswaki wa jitu, una vijiti vidogo kichwani. Unauingiza, unaunyanyua, vijiti vinasukuma vijiti vya ndani, komeo linateleza. Mimi nilijaribu mara nne nikashindwa. Akaja mtoto wa miaka sita hivi, akanipokonya, akafungua, akaingia zake bila kuniangalia.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ya mzee aliyezaliwa hapa Mombasa. Alipelekwa kwao akiwa kijana, kabla ya uhuru, hakurudi tena. Huko kwao huku kwetu kunaitwa Sawahil. Nilipotajwa kuwa natoka Sawahil, akaniita karibu, akanishika mkono asiuachie. Kiswahili chake kilikuwa kimekaa kabatini miaka arubaini na zaidi.

"Mwanangu," akaniambia, "Makadara bado ipo?"

"Ipo, babu."

"Na mbaazi kwa mahamri?"

"Zipo pia."

Akanyamaza. Kisha akawageukia wajukuu zake, akawaambia kwa Kiarabu jambo refu, nadhani lilihusu mahamri.

Jioni alinipandisha darini. Ngazi ni za giza na za mzunguko. Kichwa changu kilikutana na boriti mara mbili. Kule juu nikakuta lipu ya chokaa mpya upande mmoja, na upande mwingine imechanika nyufa. Nikamuuliza kwa nini hakumaliza. Akanionyesha kidole upande mpya: "Huu ni wa mwanangu wa Jeddah." Akaonyesha upande wa nyufa: "Huu unamngoja wa Riyadh."

Hapo ndipo nilipoielewa Shibam, na hilo ndilo hasa nililokuja kuwaambia. Nyumba ya udongo haisimami yenyewe. Kila baada ya misimu kadhaa lazima ipakwe tena, la sivyo mvua moja inaingia ufa mmoja, na ufa unakuwa mfereji. Kupaka kwataka pesa, na bonde lile halina pesa ya kutosha. Pesa ilikuwa ikitoka Java, Singapore, Hyderabad, na huku Sawahil; baadaye Saudia na Ghuba. Yule bwana wa kahawa aliyekuwa akigonga vikombe vyake Kibokoni, senti zake zilikuwa zikienda kupaka dari asiyolala chini yake.

Na pesa ikikatika? Wajapani walipoingia Java na Singapore katika vita vya pili vya dunia, hawala zilisimama. Ukame ukaongezea. Mwaka 1943 na 1944 watu wa bonde lile walikufa kwa njaa, mpaka ndege za jeshi la Uingereza zikawa zinawapelekea nafaka. Watu wenye nyumba za ghorofa 7, hawana unga!

Nilisema wengine walikuja na vitabu. Ukoo wa Bin Sumait asili yake ni hapohapo Shibam. Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Ngazija mwaka 1861, baba yake akiwa ametoka kule. Akawa kadhi Zanzibar, akafa huko 1925. Na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri hadi Hadhramaut mwisho wa karne ya 19 akaiandika safari yake. Kwa hivyo mimi si wa kwanza kurudi na hadithi, na yeye bila shaka alijua zaidi yangu. Lakini nyufa sidhani alizihesabu.

Niguse adui mpya, kisha nikae. Zamani vyoo vya Shibam vilikuwa vikavu: kinyesi huanguka chini ya shimo refu, hukauka, hupelekwa kuwa mbolea ya mashamba. Maji yalikuwa machache na yakibebwa. Kisha yakaja mabomba. Bomba likivuja ndani ya ukuta wa udongo hulioni. Ukuta unakunywa kimyakimya kuanzia miguuni, mpaka siku moja unakaa chini. UNESCO iliuorodhesha mji huu mwaka 1982 kuwa urithi wa dunia. Baadaye ukaja mradi mzuri wa kukarabati nyumba kwa mafundi na udongo wa palepale, ukapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2007. Oktoba 2008 wadi ikafurika tena. Mwaka 2015, vita vikiwaka, mji ukaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nikisoma habari hizo huwa nawaza ule upande wa Riyadh.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Hiki hapa kibonge nimekileta, ni cha tofali lililovunjika. Mzee alinipa mwenyewe, nikakifunga ndani ya soksi. Ukikichungulia utayaona makapi ya ngano, bado ya manjano. Kipitisheni mkono kwa mkono, polepole. Na wewe kijana mwenye chupa ya maji, wewe kishike mwisho.