Dondoo lisivunjike njiani: kuandaa makala ya jarida la fasihi

Haya jamani, asanteni kwa kuja, naona wengine mmekuja na laptopu na hilo ndo nilikuwa naliomba. Leo ni kuandaa makala ya kupeleka kwenye jarida la fasihi, na najua wengi mlitegemea nianze na fonti na pambizo, basi hayo nayamaliza sasa hivi: soma mwongozo wa waandishi wa jarida lenyewe, kama hawajasema kitu weka Times New Roman saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo sentimita 2.54 pande zote, namba za kurasa, imeisha.

Kinachoniuma mimi ni dondoo. Mwenzetu wa kemia ana jedwali lake la vipimo, sisi ushahidi wetu ni mishororo miwili ya shairi au aya moja ya riwaya, sasa ukiivuruga hiyo umevuruga ushahidi wenyewe, hata hoja iwe nzito vipi. Angalieni hapa, huu mfano nimeutunga mwenyewe ili nisimguse mtu:

Kalamu yangu shikeni, wino usije kauka,
Karatasi i mezani, na taa inazimika.

Kila mshororo mizani 16, vipande viwili vya nane nane, kina cha kati -ni, cha mwisho -ka. Sasa mtu anaudondoa ndani ya sentensi yake anaandika hivi: "Kalamu yangu shikeni / wino usije kauka / Karatasi I mezani / na taa inazimika". Mmeona kilichotokea? Mkwaju, hii alama ya /, maana yake mshororo umeisha, yeye kauweka penye koma, kwa hiyo mishororo miwili imekuwa minne na vina vya kati havipo tena, alafu ukurasa unaofuata anajenga hoja yake yote juu ya vina vya kati! Mpitiaji, yule anayesoma na kuipima makala yako kwa niaba ya jarida, atavitafuta asivione. Na ile I kubwa hakuiandika yeye, ni kompyuta, programu ikiwa imewekwa Kiingereza ikikuta herufi i imekaa peke yake inaigeuza kubwa bila kukuuliza. Kwa hiyo zima ule usahihishaji wa wenyewe, au badilisha lugha ya faili, na ukimaliza kuchapa fungua kitabu chenyewe pembeni ulinganishe herufi kwa herufi, usitegemee kumbukumbu hata kama shairi unalijua tangu utotoni. Hasa kama unalijua tangu utotoni.

Majarida mengi ya fasihi yanafuata MLA, yaani mtindo mmoja wa kunukuu na kuandika marejeleo, toleo la tisa limetoka 2021, mengine yanataka mtindo wa Chicago wenye tanbihi chini ya ukurasa. Kwa MLA shairi likizidi mishororo mitatu, au nathari ikizidi mistari minne kwenye ukurasa wako, unalitoa nje ya aya, unalisogeza ndani sentimita 1.27, alama za mtajo unaziacha. Sasa mashairi yetu ya Kiswahili yana tabu yake hapo, mshororo ni mrefu, ukishausogeza ndani neno la mwisho linaweza kuanguka chini, "kauka" inakaa peke yake kama mshororo mwingine. Likianguka, lisogeze ndani zaidi ya pale mshororo ulipoanzia, msomaji atajua ni mwendelezo. Tenzi nazo, kuna matoleo yanaweka ubeti kwa mistari minne mifupi na mengine miwili mirefu, taja toleo ulilotumia na ulifuate kama lilivyo mpaka mwisho wa makala, usichanganye. Ukiongeza neno lako ndani ya dondoo ni mabano mraba, ukiruka maneno weka nukta tatu, ukitafsiri mwenyewe sema tafsiri ni yako na asili yake uiache pale pale tuione.

Jambo lingine ni jina lako. Majarida mengi yanapeleka makala kwa wapitiaji bila jina, wao hawakujui na wewe huwajui, na watu wanadhani kufuta jina pale juu inatosha. Haitoshi! Ukiandika "kama nilivyoeleza kwenye makala yangu ya 2019" ushajitaja, andika kama unamtaja mtu mwingine, au fuata jarida linavyotaka. Maoni yako pembeni ya ukurasa yana jina lako, taarifa za faili zina jina lako, na mara nyingi hata faili lenyewe umeliita kwa jina lako. Shukrani kwa msimamizi wako nazo ziondoe kwanza, utazirudisha makala ikishakubaliwa. Nasisitiza hili kwa sababu linawalinda hasa nyie mnaoanza, mpitiaji asome hoja asisome cheo.

Marejeleo sitakaa sana: kila ulichokitaja ndani kiwepo nyuma na kila kilichopo nyuma kiwe kimetajwa ndani, vitabu na majina ya majarida kwa italiki, shairi moja moja na hadithi fupi ndani ya alama za mtajo. Na ule mstari wa pili wa kila rejeleo unaoingia ndani msiutengeneze kwa kubonyeza spesi, nawaomba, tumieni mpangilio wa aya, maana mhariri akibadilisha fonti tu spesi zako zote zinatawanyika. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala, muiandike mwisho, iseme mmegundua nini, sio "makala hii inajadili" kisha inaishia hapo hapo.

Na prufu, zile kurasa za kukagua kabla ya kuchapishwa, zikirudi kutoka kwa wachapaji msisome nathari kwanza, anzeni na mashairi, maana kurasa zimepangwa upya na mishororo inaweza kuwa imekatika tena, tena mnapewa siku chache tu za kusahihisha. Haya, nani ana makala yenye dondoo la shairi? Wewe hapo nyuma, lete laptopu, tufungue ukurasa wa kwanza wenye mshororo tuanze nao.