Tuache Kuifundisha Kinga ya Mwili Bila Ioni na Maji

Ndugu zangu, asanteni. Walionisikia kabla watasema, "Ameanza tena." Naam, nimeanza tena, kwa sababu bado tunawafundisha vijana kwamba seli T, ile seli nyeupe ya kinga, ikishaitambua antijeni, yaani alama ya kitu kigeni kama kijidudu, kwa kipokezi chake, kazi imekwisha. Haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza, maana sasa ioni, yaani chembe zenye chaji kama kalsiamu na potasiamu, lazima zipite kwenye utando wa seli.

Ndiyo maana siichoki familia ile iliyoelezwa mwaka 2006. Watoto wanaandamwa na maambukizi tangu uchanga. Damu inapimwa: seli T zipo, na idadi yake ni ya kawaida. Zikichokozwa maabara, haziitikii. Kisa? Herufi moja ya jeni la ORAI1 imebadilika, basi asidi amino ya 91 siyo inayotakiwa. ORAI1 ndiyo mlango wa kalsiamu kwenye utando wa seli, na mlango haufunguki. Mtoto ana seli T tele, na kinga hana!

Kalsiamu iliyo nje ya seli ni kama mara 10,000 ya iliyo ndani. Kipokezi kikiguswa, ghala la ndani humwaga akiba yake, lakini akiba hiyo haidumu. Protini ya STIM1 huhisi ghala limepungua, ikaifungua ORAI1, na kalsiamu ya nje ikaendelea kuingia. Hapo kimeng'enya cha kalsinurini huamka, nacho huiruhusu NFAT, protini inayowasha majeni ya kinga, iingie kwenye kiini. Ukikata kalsiamu, NFAT inatoka na majeni yanazimika.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, hayo ni maradhi ya nadra, sisi tuna malaria na kifua kikuu." Sikubali. Mgonjwa aliyepandikizwa figo anameza takrolimasi, dawa inayoizuia kalsinurini hiyohiyo ili kinga isiishambulie figo mpya. Daktari anayeiandika anaingilia njia ya kalsiamu, ajue asijue.

Tena kalsiamu huingia na chaji chanya. Potasiamu, nayo yenye chaji chanya, isipotoka kupitia mlango wake wa Kv1.3 ili kusawazisha chaji hiyo, mkondo wote wa kalsiamu unafifia.

Muda unanikimbia, lakini potasiamu siiachi. Makrofaji, seli ya kinga inayomeza uchafu, ikimeza fuwele za yureti, zile za gauti, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, potasiamu yake hutoka, na kupungua huko ndiko kunakoiwasha NLRP3, protini inayopiga kengele ya hatari ndani ya seli. Intalukini-1 beta, kemikali inayoleta uvimbe na homa, ikamwagika, na usiku kidole gumba cha mguu kikawaka, hakivumilii hata shuka. Sasa nenda maabara, ongeza potasiamu kwenye kimiminika kinachoizunguka seli, ya ndani isipate pa kwenda. Fuwele zipo, makrofaji ipo, intalukini haitoki.

Na maji? Maji hufuata ioni. Seli iliyovimba hutoa potasiamu ili irudie ukubwa wake, na NLRP3 ikawaka vilevile. Seli nyeupe inayotambaa kuelekea kwenye jeraha hupitisha maji kwenye akwaporini, mifereji ya maji ya utando iliyompatia Peter Agre sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003. Hapo nilitaka nikae sana, ila mwenyekiti ameshaniletea kikaratasi.

Walimu mliomo humu, mkirudi darasani, mkichora seli T ubaoni, chorani na ORAI1 kwenye utando wake. Haya, maswali.