Hamira Iliyokwama na Mzigo

Leo nataka tumzungumzie mtu aliyejijengea jina kwa kuziba seli. Randy Schekman alifika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976, akataka kujua protini hutokaje nje ya seli. Ramani ya safari ilikwishachorwa na George Palade, aliyepewa Nobeli mwaka 1974: protini hufungwa katika vifuko vidogo, vifuko husafiri hadi kwenye utando wa nje, huungana nao, mzigo ukamwagika. Lakini ramani haikwambii dereva ni nani.

Schekman akachagua hamira, hii hii ya kuumulia unga, ambayo ni kiumbe hai chenye seli moja. Ombi lake la kwanza la fedha za utafiti likakataliwa.

Sasa tazameni ugumu wenyewe. Seli isiyoweza kutoa protini zake hufa, na ukishaiua utaichunguzaje? Basi yeye na mwanafunzi wake, Peter Novick, wakasaka hamira zenye jeni yenye kasoro ya aina yake: kwenye nyuzijoto 25 zinaishi bila shida, ukizipandisha hadi 37 zinakwama. Ya kwanza wakaitangaza mwaka 1979, wakaiita sec1. Ukiitazama kwa hadubini ya elektroni, ndani imesheheni vifuko, kimoja juu ya kingine, vyote vinasubiri mlango usiofunguka.

Lakini kuzipata moja moja ni kazi ya kuchosha. Ujanja uliofuata ndio unaonifurahisha kuliko hata Nobeli yenyewe. Hamira iliyozibika inaendelea kutengeneza protini ilhali mwili wake hautanuki, kwa hiyo inashindiliwa na kuwa nzito kuliko wenzake. Waliziweka katika kimiminika kizito, wakazizungusha kwa kasi, zilizokwama zikazama. Wakachota za chini. Kufikia mwaka 1980 walikuwa na jeni 23 ambazo zikiwa na kasoro seli hukwama.

Huko Stanford, James Rothman alikuwa akifuata njia nyingine kabisa: anapasua seli za mamalia, anachukua vipande vyake na kuvifanya visafirishe mizigo ndani ya chupa. Akapata protini aliyoiita NSF. Mwaka 1989 ikalinganishwa na ile inayotokana na jeni ya hamira iitwayo sec18, ikaonekana ni kifaa kile kile. Mwaka 2013 wawili hao wakagawana Nobeli na Thomas Südhof, aliyeonyesha jinsi neva zinavyoujua wakati wa kumwaga mzigo wao.