Usitafute chuo kwanza, tafuta fundi: safari ya mtafiti wa biokemia

Haya, hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Nimetoka maabara sasa hivi, koti bado liko mgongoni, na nina dakika kama arobaini kabla sijarudi ndani kutoa sampuli zangu. Leo hakuna picha za mitaani, tukae tuzungumze.

Tangu nilipotaja kwamba kazi yangu huku ughaibuni ni utafiti wa biokemia, yaani kemia ya vitu vilivyo hai, ujumbe umekuwa mwingi, na karibu wote una swali moja. "Dada, niombe chuo gani?" Wengine mnanitumia orodha ya vyuo kumi, mmeshavipanga kwa umaarufu, mnataka nichague mimi. Wazazi nanyi mnaniuliza hivyohivyo kwa ajili ya watoto wenu. Nilianza kuwajibu mmoja mmoja, nikaona jibu lenyewe ni refu na ni afadhali niliseme kwa mdomo.

Mnaanza na swali la pili. Utafiti wa biokemia haufundishwi na chuo, unafundishwa na mtu. Ni kazi ya mikono kama useremala au uhunzi, na anayeingia humo ni mwanagenzi hata awe na shahada ngapi. Swali la kwanza ni hili: fundi wangu atakuwa nani?

Niwape mfano mmoja ninaoupenda sana. Kulikuwa na Mwingereza anaitwa Frederick Sanger, alifanya kazi Cambridge. Kuanzia miaka ya 1940 alikaa na protini moja, insulini, akawa anaikata vipande vidogo na kusoma vipande hivyo kimoja baada ya kingine, mpaka akajua mpangilio wa asidi amino zake zote 51, yaani vijenzi vidogo vinavyounganishwa kutengeneza protini. Ilimchukua kama miaka kumi. Akapata Nobel ya Kemia mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata ya pili kwa njia aliyobuni ya kusoma DNA. Wengi wakimtaja Sanger huishia hapo. Mimi nataka mtazame waliopita mikononi mwake. Mwanafunzi wake wa kwanza wa uzamivu (PhD), Rodney Porter, alipata Nobel mwaka 1972 kwa kazi ya kingamwili. Miaka mingi baadaye akaja binti kutoka Australia, Elizabeth Blackburn, akajifunza kwa Sanger jinsi ya kusoma DNA, kisha akaenda Marekani. Mwaka 1984, akiwa chuo cha Berkeley, California, Blackburn naye akampokea mwanafunzi, Carol Greider. Huyu Greider ana disleksia, yaani herufi na maneno humpa tabu kuyasoma. Alama zake za mtihani wa kuombea nafasi zilikuwa za chini, na vyuo vingi vilimkataa. Tarehe 25 Desemba ya mwaka huohuo, siku ya Krismasi, aliingia maabara kutazama filamu ya jaribio lake, akaona mistari imepangana kama vidato vya ngazi. Alikuwa ameona alama ya kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli, ambacho hakuna aliyekuwa amekionyesha kabla yake: telomerasi, kile kinachorefusha ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA. Mwaka 2009 mwalimu na mwanafunzi wakapokea Nobel pamoja, wao na Jack Szostak.

Mnaiona silsila? Sanger, Blackburn, Greider. Kama mwanachuoni anavyotaja alisoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, ndivyo na sisi tulivyo. Kuna mambo katika kazi hii hayaandikwi, hupokezanwa.

Mimi nililijua hilo kwa machungu. Mwaka wangu wa pili wa uzamivu nilikuwa nasafisha kimeng'enya. Kusafisha ni kukitoa kwenye seli na kukitenga na maelfu ya protini nyingine mpaka kibaki peke yake. Kazi yenyewe inafanyika katika chumba cha baridi, nyuzijoto 4 za Selsiasi, unavaa sweta chini ya koti. Siku tatu kwa kila awamu. Na kila ukivuka hatua unapima: kimeng'enya bado kinafanya kazi? Hatua ya kwanza kizima. Ya pili kizima. Ya tatu, ya mwisho kabisa, kimekufa. Nikarudia. Kimekufa. Nikabadilisha chumvi, nikabadilisha bafa, yaani maji ya chumvi yanayozuia asidi isipande wala kushuka, nikaagiza kemikali mpya, nikasoma makala za watafiti wengine usiku kucha. Wiki sita zikapita.

Mle maabara kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, fundi wa maabara, hana shahada ya uzamivu, jina lake huliona mara chache kwenye machapisho. Siku hiyo alikuja chumba cha baridi kuchukua vitu vyake, akasimama nyuma yangu. Hakusema kitu. Akatazama mikono yangu tu. Nikamimina bafa kwenye kichupa, nikakifunga, nikakitikisa ili vichanganyike. Akasema, "Hapo." Nikamuuliza, hapo wapi? Akakishika kile kichupa, akakiinua kwenye taa. Juu ya maji kulikuwa na povu, jembamba, jeupe, kama upana wa ukucha.

Lile povu ndilo lililokuwa linakiua. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa ustadi, na zile sehemu zisizopenda maji zimefichwa ndani. Ukitikisa unatengeneza viputo, na pale hewa inapokutana na maji, zile sehemu zilizofichwa hupata pa kutokea. Uzi unakunjuka. Ukishakunjuka, nyuzi zinashikamana, na mara nyingi hazirudi tena. Nilipokuwa na protini nyingi kwenye maji mengi, hasara ilikuwa ndogo, sikuiona. Hatua ya mwisho nilibaki na kiasi kidogo sana, na povu lilikula sehemu kubwa ya hicho kidogo. Yule mama akanionyesha: unakigeuza kichupa taratibu, kichwa chini, kichwa juu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mara kumi. Nikafanya hivyo. Baada ya siku tatu nikapima, kimeng'enya kizima.

Katika zile makala zote nilizosoma palikuwa pameandikwa neno moja tu: "changanya".

Sasa njia yenyewe. Shahada ya kwanza sitaki tukae hapo sana. Iwe biokemia, iwe kemia, iwe biolojia ya molekuli, jina halina neno. Hakikisha umeshika kemia ya kaboni na takwimu, na ukiweza, ujue kuandika programu kidogo, maana data siku hizi ni nyingi kuliko macho ya mtu. Na uingie maabara mapema hata kama utaanza kwa kuosha vyombo. Huko ndiko utakakojua kama unaipenda kazi au unapenda jina lake.

Baada ya hapo ni uzamivu, na nchi hazifanani. Marekani unaweza kwenda moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na kwa kawaida huchukua miaka mitano au sita. Uingereza ni mitatu mpaka minne. Nchi nyingi za Ulaya zinataka uwe na uzamili kwanza. Kuhusu pesa, naomba wazazi mnisikilize vizuri. Katika fani hii, Marekani, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida hulipiwa ada na hupewa posho ya kuishi, kwa sababu yeye ndiye anayefanya utafiti wenyewe. Ulaya wengine huajiriwa kabisa, kwa mkataba na mshahara. Kwa hiyo mtu akikwambia uuze kitu ili ulipie uzamivu wa biokemia, simama kwanza uulize maswali.

Programu nyingi za Marekani zina jambo moja zuri sana: mwaka wa kwanza unapita maabara mbili au tatu, wiki kadhaa kila moja, kabla hujachagua msimamizi. Wanafunzi wengi hutumia muda huo kujionyesha wao ni hodari. Wewe utumie kumtazama fundi. Je, anaingia maabara, au anaonekana kwenye mikutano tu? Jaribio likifeli anauliza "tumejifunza nini" au anatafuta wa kumlaumu? Ukimpelekea rasimu, anairudisha baada ya siku ngapi? Halafu, na hili ndilo kubwa, watafute waliokwishaondoka kwake. Walioko ndani wana sababu ya kunyamaza. Aliyemaliza atakwambia alichukua miaka mingapi, na wenzake walioacha katikati waliacha kwa sababu gani.

Mimi sikuuliza. Msimamizi wangu wa kwanza nilimchagua kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye majarida makubwa. Rasimu yangu ilikaa kwake miezi minne. Kwenye kikao cha maabara alimwambia mwenzangu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwa kosa la kuharibika kwa jeli, ile tunayotumia kutenganisha protini au DNA kwa ukubwa. Na mimi kibali changu cha kuishi kilitegemea nafasi yangu kwake, kwa hiyo nilinyamaza mwaka mzima nikidhani sina pa kwenda. Pa kwenda palikuwepo. Idara huwa ina mratibu wa wanafunzi, kuna kamati ya tasnifu, na kuhama maabara si aibu. Yule mama wa chumba cha baridi ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa mratibu. Nilipoteza karibu mwaka na nusu wa kazi kwa kuhama, na nikipewa nafasi ya kurudi nyuma ningehama mapema zaidi.

Ukimwandikia mtu kuomba nafasi, acha ile barua ya "Mheshimiwa Profesa, nina shauku na utafiti wako" unayoituma kwa watu hamsini. Inajulikana kwa mstari wa kwanza. Soma makala zake mbili mpaka mwisho, chagua mchoro mmoja, muulize swali la kweli kuhusu mchoro huo. Barua iwe fupi. Wengi hawatajibu, na hilo lisikuvunje moyo.

Ukimaliza uzamivu, wengi huenda kuwa watafiti wa mkataba katika maabara ya mtu mwingine, miaka miwili, mitatu, wakati mwingine mitano na zaidi. Hapo ndipo njia inapobanwa. Wanaotaka kuongoza maabara zao ni wengi, nafasi ni chache, na hata ukiipata lazima uombe ruzuku, tena na tena. Ruzuku ikikatika, kazi imesimama. Mnamjua Douglas Prasher? Huyu Mmarekani ndiye aliyeitenga jeni ya ile protini ya kijani inayong'aa, inayotoka kwa yavuyavu wa baharini, akaichapisha mwaka 1992. Leo maabara dunia nzima zinaitumia kuona kinachoendelea ndani ya seli hai. Pesa zake za utafiti zikaisha. Kabla hajaondoka akawapa wenzake jeni ile, Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 2008 wao wawili na Osamu Shimomura wakapata Nobel. Prasher wakati huo alikuwa dereva katika duka la magari, Alabama. Chalfie na Tsien wakamwalika Stockholm kwenye sherehe, na baadaye Tsien akampa kazi katika maabara yake. Kila nikiisimulia habari hii koo linanikaba, maana mtu yule hakukosea kitu. Mfuko uliisha tu.

Ndiyo maana nawaambia msiutazame uprofesa kama mlango pekee. Kampuni za dawa zinahitaji watu wanaojua kutengeneza protini safi na kupima kama molekuli inashikamana nayo. Huko mtu mwenye shahada ya kwanza au uzamili huingia kama mtafiti msaidizi, mwenye uzamivu huingia ngazi ya juu zaidi. Mshahara kwa kawaida ni mzuri kuliko wa chuo, lakini mradi unaweza kufungwa asubuhi moja kwa uamuzi wa biashara, na dawa nyingi zinazofika kwenye majaribio ya binadamu hazifiki sokoni. Wengine huenda kwenye hataza, yaani haki za uvumbuzi, wengine kwenye mamlaka za kudhibiti dawa, wengine ni wahariri wa majarida. Wote hao ni wanabiokemia.

Na wale mnaoniuliza kama kompyuta imeshatumaliza, nawaelewa. Nobel ya Kemia ya 2024 ilikwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi ya kubuni na kutabiri maumbo ya protini kwa kompyuta. Dorothy Hodgkin alianza kuipiga insulini picha za eksirei katikati ya miaka ya 1930, akapata umbo lake mwaka 1969. Leo programu inakupa utabiri wa umbo ndani ya dakika chache, na mimi naitumia karibu kila wiki. Lakini ikishanipa umbo, bado naingia chumba cha baridi. Lazima mtu aitengeneze ile protini, aiweke hai, aone inafanya nini.

Saa yangu imelia, niende nikatoe sampuli. Mkitaka nisome barua zenu za maombi, nitumieni, ila iwe moja kwa mtu mmoja. Jumatatu napokea mwanafunzi wangu wa kwanza wa uzamivu. Nimeshamwandalia meza na pipeti zake, na asubuhi yote nimeiacha wazi. Nitasimama nyuma yake chumba cha baridi nimtazame mikono.